Kichwa cha Mchezaji si Mali ya Timu

Watanzania wengi walilisikia jina la "mtikisiko wa ubongo" kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2012. Msanii wa filamu Steven Kanumba alikuwa amefariki dunia nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia tarehe 7, na baada ya madaktari kuuchunguza mwili wake, hicho ndicho kilichotajwa kuwa chanzo cha kifo. Swali likazunguka vijiweni, maofisini na ndani ya daladala: hivi kichwa kikitikisika tu, bila kupasuka, mtu anaweza kufa?

Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini jina hilo tuliliacha msibani, na baadaye mahakamani. Halikuingia mahali ambapo vichwa vya vijana wetu hugongwa kila wiki, yaani kwenye viwanja vya mpira. Pita jioni yoyote ya Jumamosi katika viwanja vya Dodoma, kuanzia vile vya mitaani hadi vile vya shule za Chamwino, Bahi na Kongwa. Wachezaji wawili wanaruka kuuwania mpira wa kona, vichwa vinagongana, mmoja anabaki chini. Wenzake wanamzunguka, wanammwagia maji, wanampiga makofi mepesi mashavuni, wanamwuliza jina lake. Akilitaja, ananyanyuliwa. Akipiga hatua tatu bila kuanguka, anarudishwa mchezoni, na watazamaji wanashangilia: "Ngumu huyo!"

Ninaandika makala haya kuwaomba wasomaji tuutazame upya ushangiliaji huo. Hoja yangu ni moja. Tatizo la mtikisiko wa ubongo katika soka letu si uhaba wa madaktari wala mashine, ingawa uhaba huo upo. Tatizo ni nani mwenye mamlaka ya kusema "huyu harudi uwanjani". Leo mamlaka hayo yako mikononi mwa watu ambao wote wana sababu ya kutaka arudi: kocha, viongozi, mashabiki na mchezaji mwenyewe. Tuyaondoe mikononi mwao, tuyaweke kwenye kanuni.

Tuanze na jeraha lenyewe. Kwa sisi tunaoishi nyanda hizi za kati, ambako ng'ombe ni sehemu ya maisha, mfano uko karibu. Chukua kibuyu cha maziwa ukitikise kwa nguvu. Ganda halitapasuka, wala nje hutaona ufa. Lakini kilichomo ndani hakitakuwa kama kilivyokuwa. Ubongo nao umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kinapopigwa, au hata mwili unapopigwa kwa namna inayokirusha kichwa ghafla, ubongo husogea na kujipinda ndani, na utendaji wa chembe zake huvurugika kwa muda. Ndiyo maana mtu anaweza kupata mtikisiko bila kutoka damu, bila uvimbe, na mara nyingi bila kuzimia. Hili la mwisho lisisitizwe, kwa sababu ndilo linalotupotosha zaidi: walio wengi kati ya wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo. Kipimo chetu cha "hajazimia, mwacheni acheze" hakipimi kitu.

Picha za CT nazo, ambazo ni za thamani kubwa katika kugundua damu iliyovuja ndani ya fuvu au mfupa uliovunjika, kwa kawaida haziuonyeshi mtikisiko. Mtikisiko hutambulika kwa dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona maluweluwe, kuchanganyikiwa, kusahau matokeo ya mchezo, kukosa uthabiti wa miguu, kukerwa na mwanga au kelele, hasira au huzuni isiyo na sababu, kukosa usingizi. Nyingine huchelewa saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Kwa hiyo kijana aliyelitaja jina lake vizuri saa kumi na moja jioni hajathibitisha kwamba yuko salama. Amethibitisha tu kwamba analijua jina lake.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mpira wa mchangani, na kwamba wakubwa hawafanyi hivyo. Historia ya karibuni inasema vinginevyo. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, iliyochezwa Maracanã, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani na bega la mchezaji wa Argentina katika dakika ya 17. Aliangaliwa, akaruhusiwa kuendelea, na baadaye akamfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, kumwuliza kama ule mchezo ulikuwa fainali. Alitolewa dakika ya 31. Yaani kwa takribani robo saa, mbele ya mamilioni ya watazamaji na mbele ya madaktari wa taifa tajiri, alicheza mtu asiyejua yuko katika mchezo gani.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi kama Waafrika. Katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, winga wa Morocco Nordin Amrabat aliumia kichwani katika mchezo dhidi ya Iran. Dunia iliwaona wahudumu wa timu wakimpiga makofi mashavuni na kumpulizia maji, kama tufanyavyo sisi hapa. Ilitangazwa kwamba angepumzika kwa muda. Siku tano baadaye alianza katika mchezo dhidi ya Ureno, akiwa amevaa kofia laini ya kukinga kichwa, na mchezo ukiwa bado mbichi akaivua na kuitupa nje. Kocha wake alimsifu kwa moyo wa kupigana. Angalia mamlaka yalikuwa kwa nani: mchezaji alitaka kucheza, kocha alimhitaji, taifa lilikuwa linasubiri. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika mnyororo huo ambaye kazi yake ilikuwa kusema hapana na kusikilizwa.

Mfano wa tatu ni wa klabu yenye mashabiki wengi hapa Dodoma, na nawaomba mashabiki wa Liverpool wanivumilie. Mei 2018, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Kyiv, mlinda mlango Loris Karius aligongwa na kiwiko cha Sergio Ramos. Muda mfupi baadaye alifanya kosa la kwanza la kutisha, kisha la pili, na Real Madrid wakashinda 3–1. Alitukanwa dunia nzima. Siku chache baada ya fainali, madaktari wa hospitali moja mjini Boston walimpima na kusema kuwa alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo, na kwamba huenda uliathiri uchezaji wake. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2019, klabu hiyo hiyo ilikuwa inarudiana na Barcelona ikiwa nyuma kwa mabao matatu. Mohamed Salah alikuwa ameumia kichwani siku tatu kabla, katika mchezo dhidi ya Newcastle, na hakuruhusiwa kucheza. Akakaa jukwaani. Wenzake wakashinda 4–0 bila yeye, na mwisho wakachukua kombe. Sisemi kwamba kumpumzisha majeruhi kunaleta ushindi. Ninasema kwamba hofu yetu ya kuwa timu itakufa mchezaji mmoja akitoka, haina ukweli tunaoupa.

Sasa tuje kwenye sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito wa uhai. Mtikisiko mmoja, ukitunzwa vizuri, kwa walio wengi hupona wenyewe ndani ya wiki chache. Hatari kubwa ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Ubongo ulio katika hali hiyo unaweza kuvimba kwa kasi, na vijana wadogo ndio walio hatarini zaidi. Januari 2011, huko Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mchezo wa raga wa shule. Aliangaliwa, akaendelea kucheza, akaanguka mwishoni mwa mchezo na akafariki. Uchunguzi wa kisheria ulitaja pigo la pili kuwa sababu. Raga si soka, lakini fuvu ni lile lile, na umri ule ni wa wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza na cha pili wanaoshiriki UMISSETA.

Kuna pia hatari inayofanana na mtikisiko lakini iliyo mbaya kuliko wenyewe: damu kuvuja ndani ya fuvu. Mtu anaweza kuinuka, akaongea, akacheka na wenzake, akarudi nyumbani na kula, kisha saa chache baadaye hali ikabadilika. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au majimaji yakimtoka puani au masikioni, huyo apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Kutoka Kondoa au Mpwapwa hadi Dodoma mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa aliye mbali na hospitali, tahadhari lazima ianze mapema zaidi, wala si kuchelewa zaidi.

Hapa ndipo ninapokutana na pingamizi la kwanza, na nalisikia mara nyingi: "Hayo ni ya Ulaya. Sisi hata daktari wa timu hatuna." Pingamizi hili linasimama kichwa chini miguu juu. Timu yenye daktari bingwa, chumba cha video na hospitali ya karibu inaweza angalau kujaribu kupambanua nani ameumia na nani hajaumia. Timu isiyo na lolote kati ya hayo haina uwezo wa kupambanua, na kwa hiyo haina haki ya kubahatisha. Kanuni inayotumika duniani kwa mpira wa ngazi ya chini haihitaji kifaa chochote: ukitilia shaka, mtoe. Hakuna kanuni ya afya iliyo rahisi kuliko hiyo. Haina bei. Haihitaji umeme.

Pingamizi la pili ni la vipaumbele. Nchi yenye malaria, ajali za barabarani na wajawazito wanaopoteza maisha, itapataje muda wa kuhangaikia vichwa vya wacheza mpira? Ninaliheshimu swali hilo, lakini linasahau kwamba tayari tumekubali kanuni yake. Sheria inamtaka mwendesha bodaboda na abiria wake wavae kofia ngumu. Tumekubali hivyo kwa sababu tunajua kwamba mguu uliovunjika huungwa, lakini kichwa hakina fundi wa kukirudisha kilivyokuwa. Ikiwa dola inaweza kumsimamisha kijana barabarani kwa ajili ya kichwa chake, haiwezi kushindwa kumsimamisha uwanjani kwa ajili ya kichwa hicho hicho.

Zaidi ya hayo, tunajua kuahirisha na kusubiri tunapotaka. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, wachezaji na viongozi wakaumia. Bodi ya Ligi iliahirisha mchezo wao uliofuata dhidi ya Simba. Sikumsikia mtu mwenye akili timamu akisema wachezaji wale ni walegevu. Tuliona basi, tuliona bandeji, tukaelewa. Tunachokosa si huruma, bali utayari wa kuamini jeraha lisiloonekana.

Nimelishuhudia hilo katika kazi yangu. Muhula mmoja mwanafunzi wangu, kijana makini, aligongana na mwenzake katika mchezo wa Jumamosi. Alimaliza dakika tisini. Jumanne alikuja kufanya jaribio, na nilipopita kati ya madawati nikaona kwamba kwa muda wa dakika arobaini alikuwa ameandika jina na namba ya usajili tu. Nilipomwinamia, alisema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nasoma swali, nikifika mwisho sikumbuki mwanzo wake." Tulimpeleka hospitali siku ile ile, na alihitaji karibu mwezi mzima kabla ya kuweza kusoma saa moja mfululizo bila kichwa kuuma. Jaribio alilirudia, akafaulu. Lakini kupata ruhusa ya kulirudia kulimgharimu kueleza habari zake mara tatu, katika ofisi tatu, kwa sababu alionekana mzima. Mwenzake aliyekuja na gongo na mguu wenye plasta wiki hiyo hiyo hakuulizwa swali hata moja.

Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba gharama ya mtikisiko hailipwi uwanjani. Hulipwa darasani, kazini, shambani, na juu ya pikipiki ambayo kijana anaiendesha siku inayofuata akiwa na kizunguzungu. Mtoto wa shule aliyegongwa kichwa Jumamosi na kuanza kuchapwa Jumatano kwa kutosikiliza mwalimu, ni mtoto anayeadhibiwa kwa ugonjwa. Wangapi tumewaita wazembe, na walikuwa majeruhi?

Pingamizi la tatu ni la heshima: kwamba mpira ni mchezo wa wanaume, na kwamba mchezaji akitoka kwa kila mgongano ataitwa mwoga. Kwanza, wasichana wetu nao wanacheza, na tafiti za michezo inayofanana kwa wanaume na wanawake zimeonyesha kwamba wanawake hupata mitikisiko kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa hiyo lugha ya uanaume haitusaidii hata kueleza tatizo. Pili, tuitazame hali halisi ya mchezaji. Anajua akitoka leo, wiki ijayo anaweza kupoteza namba. Wengi hawana mkataba, hulipwa posho anayecheza. Ushujaa tunaomshangilia mara nyingi ni hofu ya kukosa nauli. Kumwuliza mtu wa namna hiyo "unaweza kuendelea?" si kumpa uhuru, ni kumtwisha uamuzi ambao hana uwezo wa kuufanya, na anaombwa aufanye kwa ubongo ule ule uliogongwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mchezaji huyu, hata hivyo, haifichi siri kwa kupenda. Sisi ndio tumeifanya siri iwe na malipo na ukweli uwe na adhabu.

Sheria za soka zenyewe zimeanza kulitambua hili. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mchezo, IFAB, iliruhusu majaribio mwaka 2021, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 imeziweka nafasi za ziada za kubadilisha mchezaji kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo katika sheria, kama hiari ya waandaaji wa mashindano. Timu inaweza kumtoa mchezaji mmoja anayeshukiwa kupata mtikisiko bila kupunguza idadi ya mabadiliko yake ya kawaida. Aliyetoka harudi tena katika mchezo huo, na timu pinzani hupewa nafasi moja ya ziada pia. Kipengele hiki cha mwisho kinajibu wasiwasi wa ujanja: timu inayodanganya ili ipate mchezaji mpya inampa mpinzani wake mchezaji mpya vilevile.

Neno "hiari" katika sheria hiyo ndilo linalotukabidhi jukumu. Hakuna atakayekuja kutulazimisha. Mwaka 2027 Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, tutakuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Tunajenga viwanja, tunapanua barabara, tunahesabu vitanda vya hoteli. Itakuwa aibu iwapo urithi wa mashindano hayo utakuwa saruji peke yake, na mtoto wa Manyoni au Chemba akaendelea kumwagiwa maji na kurudishwa mchezoni kana kwamba hakuna tulichojifunza.

Kabla ya mapendekezo, niseme jambo kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, kwa sababu huchanganywa na mtikisiko. Jeff Astle, mshambuliaji wa zamani wa West Bromwich Albion, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59 baada ya kupoteza kumbukumbu, na uchunguzi wa kisheria nchini Uingereza ulikiita kifo chake ugonjwa uliotokana na kazi. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow waliwalinganisha wanasoka wa kulipwa wa zamani wapatao 7,676 wa Scotland na watu wengine wa umri na hali zinazofanana, wakakuta kwamba uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika kwa ubongo ulikuwa takribani mara tatu na nusu kwa wanasoka. Watafiti hao hao walikuta kwamba wanasoka walikufa kidogo kwa magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu. Kwa maneno mengine, mpira ni afya, na ndiyo sababu ya kuulinda, si ya kuukimbia. Vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliamua mwaka 2020 kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Walimu wanaoandaa timu za UMITASHUMTA wanaweza kufanya hivyo kesho, bila waraka wala bajeti.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, TFF na Bodi ya Ligi waitumie hiari waliyopewa na IFAB katika kila mashindano yaliyo chini yao, ya wanaume, ya wanawake na ya vijana, na watangaze hivyo hadharani ili hata mtazamaji ajue. Kamisaa wa mchezo aandike katika taarifa yake kila tukio la kugongwa kichwa, kama anavyoandika kadi.

Pili, katika UMITASHUMTA, UMISSETA na michezo ya vyuo, mwamuzi apewe mamlaka ya mwisho ya kumtoa mchezaji aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili yoyote, na uamuzi wake usikatiwe rufaa siku hiyo. Tunampa mwamuzi mamlaka ya kumtoa mchezaji kwa kutukana. Si jambo kubwa kumpa mamlaka ya kumtoa kwa kuumia.

Tatu, nawageukia waheshimiwa, kwa kuwa Dodoma ndiyo makao yao. Kila msimu tunashuhudia kombe la mbunge na kombe la diwani, zenye jezi mpya, mipira, na mbuzi au ng'ombe kwa bingwa. Ni jambo jema. Sharti liwe dogo: pasiwe na mchezo bila mtu mmoja aliyefunzwa huduma ya kwanza, awe mhudumu wa afya wa kijiji au kijana aliyefundishwa na Msalaba Mwekundu, na pasiwe na mchezo bila usafiri uliopangwa wa kumfikisha majeruhi hospitali. Bei ya mbuzi mmoja inatosha kuanzia. Wabunge wenyewe hucheza mpira katika mabonanza yao, na watumishi wa wizara hukutana katika SHIMIWI, wengi wakiwa na umri ambao mwili hausamehe kama zamani. Waanze na vichwa vyao, tutawafuata.

Nne, kurudi uwanjani kuwe na utaratibu. Aliyeshukiwa kupata mtikisiko asiachwe peke yake saa za mwanzo, asiendeshe chombo cha moto, asinywe pombe. Apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kutembea, halafu kukimbia taratibu, halafu mpira bila kugusana. Hatua moja isipungue siku nzima, na dalili zikirudi arudi nyuma. Masomo yatangulie, mchezo ufuate. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unamtaka mtu asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Sisi tusio na daktari wa kuthibitisha kupona tuzichukue siku hizo kuwa kima cha chini.

Hakuna hata pendekezo moja hapo linalosubiri mfadhili. Kiangazi kinakuja, viwanja vyetu vitakauka viwe vigumu kama sakafu, na kila anayeanguka ataangukia hapo. Itakapotokea, yule mwenye filimbi asimwulize kijana kama anaweza kuendelea. Amtoe. Na sisi tulio pembeni, tumpigie makofi anapotoka.

Naomba kutoa hoja.